Watu wa Foronya Wanaomba Ruksa

"Wewe ndiye uliyempa yule mdudu jina la mume wangu! Wewe, Drusilla, kwa mkono wako! Halafu unaniletea supu?"

Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa. Na wala hakuambiwa pembeni kwa siri. Aliambiwa kizingitini, mlango wazi, upepo wa baharini unaingiza theluji mpaka kwenye zulia, na Violet kashika mwiko kama mtu anayetafuta kichwa cha kuupigia.

Drusilla kasimama na sufuria lake. Supu ya njegere na nyama ya chumvi, kaifunika kwa taulo, bado inafuka. Katoka kwake jua linazama, kapita kando ya gati, kapanda kilima na viatu vya mpira, goti linamlilia, yote hayo ili kaka yake Garland apate kitu cha moto. Krismasi yenyewe hata haijapoa. Na hizo ndizo shukrani.

"Wifi, nipishe. Sufuria zito."

"Kaa nalo huko huko."

"Hii ni nyumba ya kaka yangu."

"Kaka yako yupi? Huyo uliyemgawa?"

We! Masikio ya Drusilla yalipata moto katika baridi ile. Akampiga Violet kikumbo, akaingia, akalitua sufuria juu ya jiko la kuni kwa kishindo hata kifuniko kikaruka.

"Nani kamgawa? Mimi nimetaja jina kwa utani, kama tunavyotaniana miaka yote. Kitufe cha kufuta kabonyeza nani? Sema!"

Violet akageuka kulitazama jiko.

"Sema, Violet! Nani kamfuta?"

Kiti cha kando ya jiko kikalia. Kisauti kikatoka pale, chembamba.

"Uso wangu una baridi."

Ni Garland huyo. Kajivika foronya ya mto kichwani, imemfunika mpaka mabegani. Mikono kaiweka magotini kama mtoto aliyeambiwa atulie.

"Toka lini yuko hivi?" Drusilla akanong'ona.

"Toka asubuhi. Nikiivua, anaivaa tena." Violet akaushusha mwiko. "Na nikiivua, wifi... sipendi ninachokiona."

Sasa ngoja. Hawa mawifi wamegombana maisha yao yote. Wamegombania cherehani ya marehemu mama, wamegombania nani alisahau kumwalika nani, mwaka mmoja waligombania pazia. Hayo yote ninayo, siku nyingine nitakupa. Lakini huu ugomvi ni wa namna nyingine.

Watu wetu ni wa Kisiwa cha Turr. Serikali ilituhamisha zamani, Drusilla na Garland bado wadogo. Nyumba zilifungwa mapipa, zikavutwa juu ya maji mpaka huku bara, Bakers Bight, na hiyo ya Garland ni mojawapo. Kanisa likabaki. Makaburi yakabaki. Watu wakatawanyika, wengine Toronto, wengine Alberta kwenye visima vya mafuta. Ndipo Leander, mtoto wa Azariah, huko huko Alberta, akafungua jukwaa la mtandaoni akaliita Jikoni. Maana kwetu watu hukaa jikoni. Sebule ni ya padri na maiti.

Basi Jikoni humo mnapata yote. Nani kazaa, nani kaanguka kwenye barafu, picha za zamani. Na aliyeandika kuliko wote ni Garland. Nyumba ipi ilikuwa wapi, nani kalala kaburi lipi, mwamba gani ulivunja mashua ya nani. Hakuna mwingine aliyebaki na kumbukumbu hizo. Drusilla na Violet wakapewa usimamizi, kwa kuwa wana muda na wana midomo.

Halafu wachafuzi wakatugundua.

Hao si watu wetu. Hata kama ni watu, mimi sijui. Wanaomba uanachama kwa majina ambayo ni kama paka kapita juu ya vibonyezo. Unamruhusu mmoja, anaenda moja kwa moja kwenye picha ya marehemu wako, anaandika, "Taarifa nzuri sana! Nimejifunza mengi!" na chini yake anauza viatu. Siku moja Drusilla aliweka picha ya vijana waliozama na mashua, mchumba wake mmojawapo. Chini ya ile picha mtu akatangaza dawa ya kupunguza tumbo. Drusilla alilia kwa hasira. Alitamani ampate huyo mtu amtie kichwa kwenye pipa la mafuta ya chewa.

Dawa ya Violet ilikuwa moja. Akiona jina la ajabu anakwenda kwenye kitufe kile kinachomfuta mtu pamoja na kila neno alilowahi kuandika. Haulizi.

Drusilla yeye anauliza. Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Unajua kwetu siku za Krismasi watu hujifunika foronya usoni, wakavaa makoti ya wenzao, mwanamume akavaa gauni, wakatia mito mgongoni wapate kibyongo. Jioni wanakuja mlangoni. Siku za kawaida kwetu hakuna hodi, jirani anasukuma mlango na yuko mezani kabla hujamwona. Anayegonga ni polisi au watu wa foronya. Wanagonga, na wanauliza kwa kuvuta pumzi ndani, wasijulikane sauti: "Watu wa foronya, ruksa kuingia?" Unasema ruksa. Wanaingia, wanacheza, nyinyi mnabahatisha ni nani. Ukipatia, anafunua uso, anapewa keki na kitu cha kunywa.

Hakuna aliyewahi kuwanyima ruksa. Ni aibu.

Na mchezo huo tuliuhamishia Jikoni. Mgeni akija na jina la uongo tunabahatisha. Wewe si wa kwa Uriah? Wewe si yule binti wa Hezekiah aliyeolewa Ontario? Mpaka akiri. Tumecheka sana kwa mchezo huo.

Siku chache kabla ya Krismasi akaja mmoja. Jina lake herufi na namba. Picha yake kitambaa cheupe, basi. Drusilla alikuwa anamenya viazi, kompyuta iko mezani. Alipoliona lile jina akafuta mikono kwenye aproni, kidole kikaenda kwenye kufuta.

Kabla hajabonyeza, yule akaandika.

*Watu wa foronya, ruksa kuingia?*

Drusilla akaangua kicheko peke yake. Mchafuzi wa viatu atajuaje maneno hayo? Huyu ni wetu! Akaandika: "Ruksa! Ingia, mpumbavu wee! Garland, akili za namna hiyo ni zako tu."

Jibu likaja.

*Umenijua.*

Akangoja mzaha uendelee. Haukuendelea. Jikoni kwake pakaingia harufu kama vumbi linaloungua ndani ya mtambo, na chini yake harufu ya mwani uliooza.

Kesho yake Garland alikuja kwa dada yake, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Dada, Jikoni inanikataa."

"Inakukataaje? Umesahau neno la siri."

"Sijasahau. Inasema mimi niko ndani tayari."

Na kweli alikuwamo. Jina lake, picha yake, kila alichoandika miaka yote, sasa ni vya yule mgeni wa kitambaa. Anasalimia watu kwa jina la Garland. Anauza vidonge kwa jina la Garland. Anamwandikia mmoja mmoja pembeni, nikumbushe ndugu yangu, hivi mama yako aliitwa nani? Na watu wanamjibu, si Garland huyo?

Violet alipoona mume wake anauza vidonge vya uume kwa wajane wa kanisani, akawa kama mbogo. Hakumuuliza mtu. Akabonyeza kile kitufe. Futa. Na kila alichoandika.

Kila alichoandika Garland kikaenda. Nyumba zote, makaburi yote, miamba yote.

Jioni ile Violet akamwambia mumewe, "Nimekusafishia. Kaandike upya ile habari ya kanisa."

Garland akamtazama. "Kanisa gani?"

Ndio hapo tulipofika, na Drusilla kasimama jikoni na supu, na ndugu yake kavaa foronya.

"Njoo uone," Violet akasema, na sasa sauti imepungua. Akageuza kompyuta iliyokuwa kando ya bakuli la sukari. "Nilimfuta. Umesikia? Nilimfuta kabisa. Haya angalia foleni."

Drusilla akaweka miwani. Kwenye foleni ya wanaoomba uanachama kulikuwa na jina juu kabisa. Garland Hatcher. Picha, kitambaa cheupe. Na chini yake wengine, na wengine, ukishuka hufiki mwisho. Wote vitambaa vyeupe. Wengine hawana majina bado.

"Nikimkubali, itakuwaje?" Violet akauliza. "Nikimkataa, nimemkataa nani? Niambie, wewe mwenye akili za kubahatisha!"

"Usinipigie kelele."

"Nitapiga! Mume wangu hajui kanisa alilobatiziwa! Kwa ajili ya kicheko chako!"

"Na wewe kwa ajili ya kidole chako! Ungeuliza! Mara moja tu katika maisha yako, Violet, ungeuliza!"

Ndipo mlango ukagongwa.

Ko. Ko. Ko.

Violet akautua mwiko mezani.

Bakers Bight siku hizi tumebaki wazee. Hakuna anayezunguka na foronya, miguu haituruhusu. Violet akamtazama Drusilla. Drusilla akatazama mlango. Mlango huo haujawahi kuwa na komeo toka ulipotoka kisiwani.

Ukafunguka wenyewe kidogo, upana wa mkono.

"Watu wa foronya..." Ni kwa pumzi ya kuvutwa ndani, kavu. "...ruksa kuingia?"

Lilisimama kwenye theluji. Koti la mvua la kuvulia, limegeuzwa ndani nje. Kibyongo. Soksi mikononi badala ya glovu. Na usoni foronya, haina tundu hata moja. Drusilla aliitazama ile foronya na hicho ndicho anachokiota mpaka leo. Mtu akipumua ndani ya kitambaa, kitambaa huingia na kutoka.

Kile kiliingia tu.

Kinaingia... kinaingia... hakitoki.

Nyuma yake, kwenye njia ya kuteremka gatini, walikuwa wengine. Weupe vichwani, wamejipanga kama wanaongoja daktari. Harufu ile ile ikapita mlangoni. Vumbi linaloungua. Mwani.

La mbele likasogeza mguu. Likachechemea, kule kuchechemea kwa Garland, mguu wa kushoto, toka winchi ya mashua ilipomvunja.

"Ga..." Violet akaanza.

Drusilla akamziba mdomo kwa kiganja. Violet akamng'ata. Drusilla hakuachia.

"Usitaje," akamnong'oneza sikioni. "Ukitaja sasa, ndiyo basi. Watakuwa wawili, na huyu wetu ndiye atakayekuwa wa ziada."

Kutoka kwenye kiti, Garland naye akavuta pumzi. Foronya yake ikaingia mdomoni. Haikutoka.

Drusilla akaiona. Akaelewa, na alipoelewa hasira ilimjaa mpaka akasahau kuogopa. Hasira ya ile picha ya waliozama. Hasira ya viatu na vidonge. Akamwachia Violet, akaenda mpaka kizingitini, pua yake karibu iguse kile kitambaa.

"Wewe si Garland."

Lile likabaki pale pale.

"Nilibahatisha, nikakosea. Umesikia? Nilikosea! Nimesema mbele ya Violet, ambaye atanisimanga mpaka kaburini, nilikosea! Si Garland wewe. Funika uso wako."

Ndiyo sheria ya mchezo. Ukikosea, aliyefunikwa hubaki amefunikwa.

Lile likainamisha kichwa, polepole, kama mbwa anayesikiliza. Kibyongo kikahama upande. Kule kuchechemea kukaisha.

"Basi..." likavuta pumzi, "...mimi nani?"

"Na mimi?" likauliza la nyuma yake.

"Na mimi?"

"Na mimi?"

Mpaka gatini. Kama mawimbi yanayorudi kwenye kokoto.

Na nikwambie kitu ambacho Drusilla hajamwambia padri. Pale pale jina likamjia. Hakulitafuta. Lilikuja lenyewe na kukaa kwenye ulimi, tamu kama molasi. Violet. Cherehani, pazia, matusi, makaburi ya kisiwa yaliyofutwa kwa kidole. Neno moja tu, na yote yangekuwa yamelipwa. Akageuka kumtazama wifi yake.

Violet alikuwa anamtazama yeye. Midomo kaifungua kidogo. Na Drusilla akajua, kama anavyojua jina la mama yake, ni jina gani limekaa pale.

Wakatazamana hivyo.

"Mimi nani?" likauliza, karibu zaidi. Mguu ulishakanyaga zulia.

"Funga mdomo wako, wifi," Drusilla akasema taratibu.

"Funga wako," Violet akajibu.

Wakaufunga mlango. Wote wawili kwa pamoja, kwa mabega na makalio, wakausukumiza ule mguu nje, na ulikuwa mwepesi, kama soksi isiyo na kitu. Wakaegemea mbao kwa migongo. Drusilla akapiga kelele kwa nguvu zote za mapafu yake ya uzeeni:

"Hatuwajui! Na hatutaki kuwajua! Hapa si ruksa! Nendeni na uchafu wenu!"

Hakuna mtu wa Turr aliyewahi kusema hivyo mlangoni kwake. Alilia akisema.

Mlango ukasukumwa, si kwa nguvu. Kwa uzito tu, kama theluji inayorundikana. Walikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, mabega yamebanana, Violet ananuka vitunguu, Drusilla ananuka jasho. Halafu sauti ikaja kwenye ufa wa mbao.

"Tutauliza kwingine."

Uzito ukaondoka.

Garland akaivua foronya. Uso ulikuwa wake, pua na makovu yote. Akanusa.

"Kuna supu hapa?"

Violet akalia hadi akakaa chini. Garland akala bakuli, akaongeza, akafuta kwa mkate. Anamjua mkewe, anamjua dada yake. Kisha akainua macho ukutani, kwenye ile picha ya kisiwa yenye kanisa na nyumba nyeupe juu ya miamba.

"Picha nzuri," akasema. "Ni wapi huko?"

Violet akamimina chai, akatia maziwa ya kopo, akamsukumia Drusilla kikombe bila kumtazama.

"Ungelitaja langu," akasema.

"Na wewe langu."

"Ndiyo."

Wakanywa.

Nisingekusumbua kama yangeishia hapo. Asubuhi Drusilla kafungua kompyuta yake aangalie kama foleni imeisha. Jikoni ikamkataa. Inasema yeye yuko ndani tayari.

Akampigia Violet, Violet akaangalia. Jana, wao wakiwa wameegemea mlango huku, mgeni mwenye kitambaa cheupe aliomba ruksa kwa Leander huko Alberta, akamuuliza, mimi nani? Na Leander, mtoto mwenye adabu, kamjibu: "Ruksa! Karibu! Maswali ya namna hiyo ni ya shangazi Drusilla, sivyo?"

*Umenijua.*

Sasa Drusilla huyo wa humo anawauzia watu viatu na vidonge tangu alfajiri. Watu wanalalamika, mtoeni, mfuteni. Violet anaapa hagusi kitufe, na kwa mara ya kwanza namwamini. Lakini mwenye Jikoni ni Leander, na Leander hapendi malalamiko. Tukimwandikia humo, anayejibu ni yule Drusilla wa humo. Leander mwenyewe simu kaizima, yuko zamu kambini. Na Drusilla kakaa karibu na jiko langu hapa, moto umewaka mpaka chuma kimekuwa chekundu, na anajisugua mashavu kwa viganja.

Wewe una watu huko Alberta. Mpelekee neno kwa mdomo wa mtu, si kwa maandishi. Mwambie asifute. Kwanza aseme kwa sauti yake kwamba alikosea. Na akiulizwa tena, asitaje mtu, hata adui yake. Usipompata wewe, mpe mwingine ampelekee, na huyo naye ampe mwingine. Nenda basi, usimalize hiyo chai.